Kisima cha Nana: Muziki na Taswira Baada ya Saratani

Siku niliyomaliza mionzi ya saratani ya titi, Oktoba 2022, mume wangu alinipokea feri upande wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pamoja na watoto wote watatu. Nyumbani mama alikuwa amepika pilau. Majirani walikuja, dua ikasomwa, nikakumbatiwa mpaka mkono wa kushoto, ule uliotolewa tezi za kwapani, ukaanza kuniuma. Watu walikula, wakanipongeza, wakaenda zao. Saa nane za usiku nilikuwa jikoni, nimekaa juu ya mbuzi ya nazi, taa nimezima, natetemeka kama mwenye homa.

Hakuna aliyekuwa amenitahadharisha. Kwa miezi tisa kila wiki ilikuwa na shughuli yake: kutolewa damu, kutundikiwa dripu, kusafishwa kidonda, kulazwa chini ya mashine. Huna hata wasaa wa kuogopa sawasawa. Halafu daktari anakwambia, "Hongera mama, rudi baada ya miezi mitatu," na hofu yote uliyokuwa ukiiahirisha inakuja kudai deni lake kwa siku moja. Mume wangu, masikini, alishindwa kunielewa. "Si umepona? Sasa walia nini?" Aliniuliza kwa huruma, na mimi sikuwa na jibu.

Nayaandika haya kwa aliyefika hapo. Nitaeleza jinsi muziki na taswira, yaani picha za mawazoni, zilivyonisaidia, na kabla ya hapo jinsi nilivyovitumia vibaya nikapoteza pesa, usingizi, na siku tisa za dawa ambazo sikupaswa kuruka hata moja.

Mimi ni fundi wa kushona, nina kibanda changu Likoni. Uvimbe niliupapasa Julai 2021 nikiwa naoga, mdogo kama kokwa ya zambarau. Haukuuma, kwa hivyo nikaunyamazia miezi mitano. Dada yangu unayesoma, uvimbe wa titi usiouma usikutulize. Mara nyingi saratani ya titi huanza hivyo hivyo, kimya. Hii ndiyo saratani inayogunduliwa zaidi kwa wanawake wa Kenya, na bado tunaichukulia kama siri ya aibu. Titi lilitolewa Januari 2022. Kisha kemo, zile dawa kali za saratani za kutundikiwa, mara sita, kila baada ya siku 21. Kisha mionzi mara 15, wiki tatu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Sasa nameza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, kila siku na nitaendelea kwa miaka mitano au zaidi.

Kosa la kwanza nililifanya kwenye kemo. Nilikuwa nimesikia kuwa muziki hupunguza wasiwasi, na ni kweli, ulinipunguzia. Lakini nilichagua wimbo gani? Nilichagua taarab iliyopigwa usiku wa harusi yangu, wimbo ninaoupenda kuliko nyimbo zote. Nikatia hedifoni masikioni, dawa nyekundu ikashuka kwenye mrija, wimbo ukaimba. Mara ya kwanza, raha. Mara ya pili, raha. Kufika mara ya nne, mwili ulikuwa umeshavifunga pamoja wimbo na dawa. Mwaka mmoja baadaye tulikuwa kwenye harusi ya binti ya jirani, mpiga kinanda akaanza tu zile noti za mwanzo, mate yakanijaa mdomoni, nikakimbilia nje kutapika. Wimbo ule nimeupoteza. Daktari aliniambia hilo ni jambo linalojulikana: wagonjwa wengine hutapika kwa kuona tu mlango wa wodi, au kwa harufu ya spiriti kabla hata sindano haijaingia.

Kwa hivyo ukienda kwenye kemo, peleka muziki, lakini peleka ule ambao hata ukiuaga kesho hutaulilia. Nyimbo za harusi yako, za mamako, za mwanao alipokuwa mdogo, ziache nyumbani zikusubiri.

Tuje kwenye zile siku za baada ya mionzi. Nilikuwa nikipata usingizi wa muda wa saa tatu tu kwa usiku, nikibahatika. Nikikohoa, basi imepanda mapafuni. Nikiumwa na mgongo kwa kuinamia cherehani, basi imeingia mifupani. Watu waliniita shujaa, na kila nikiitwa hivyo nilizidi kuona haya kusema kwamba naogopa. Mpwa wangu, kijana wa chuo, akaniambia kuna rekodi za kusikiliza: muziki wa taratibu na sauti inayokuelekeza ufikirie mahali pa utulivu. Akanitilia kadhaa kwenye simu.

Rekodi ya kwanza ilikuwa ya bwana mwenye sauti nzito anayesema Kiingereza. Umelala ufukweni. Mchanga ni mweupe. Mawimbi yanakuja, mawimbi yanaondoka, na kila wimbi linachukua mzigo wako.

Nilijaribu usiku nne. Nilizidi kuwa vibaya, nikadhani kasoro ni yangu. Ilinichukua muda kung'amua. Kwa aliyeitunga rekodi ile bahari ni likizo. Kwangu bahari ni feri. Mimi kila siku ya kemo nilivuka asubuhi kwenda mjini na kuvuka alasiri kurudi, nimesimama katikati ya umati, ndani ya buibui nimeshikilia kopo tupu la siagi lenye kifuniko, maana sikutaka kuwatapikia watu. Sakafu ya chuma inatetemeka hadi kwenye magoti. Moshi wa dizeli unachanganyika na harufu ya kapu la samaki la mtu. Honi inalia, unaona ng'ambo pale, karibu kabisa, na bado hufiki. Hayo ndiyo mawimbi yangu. Yule bwana kila akinipeleka baharini alikuwa akinirudisha kwenye kopo.

Rekodi zote zina pwani, au msitu wenye theluji, au mlima. Mahali pa utulivu hapachaguliwi na mtu asiyekujua. Hilo nilipaswa kulijua siku ya kwanza.

Usiku wa nne ndio ulionitia adabu. Nilikuwa peke yangu sebuleni, macho nimefumba, mwili umeanza kulegea, nikaanza kuona kama chumba chenye giza na ile mashine ya mionzi ikizunguka polepole kichwani pangu. Papo hapo, katikati ya muziki, likaingia tangazo la biashara kwa sauti ya juu. Nilishtuka nikadhani moyo unasimama. Nilipiga kelele hadi mama akaamka, na nusu saa nzima mikono ilikuwa imekufa ganzi. Mtu akilegezwa hivyo anakuwa wazi kama mlango uliofunguliwa, hupaswi kumwingilia kwa kishindo. Ukisikiliza kwenye simu, pakua sauti kabisa, zima mtandao, zima na simu zinazoingia. Na kama mambo yaliyo moyoni ni mazito, usijaribu peke yako usiku.

Badala ya kutafuta mtu anayefaa, nikatafuta mtu wa haraka. Mjini Mombasa kulikuwa na mtu aliyejitangaza kuwa anatibu kwa mawimbi ya sauti. Bakuli za shaba, spika kubwa, chumba kinanukia udi. Alitoza shilingi 18,000 kwa vikao sita, zilipwe mbele. Nikauza cherehani yangu ya pili. Alisema sauti zake zitayeyusha mabaki ya saratani. Siku ya pili akaniambia tamoksifeni "inaziba" mwili usipokee mawimbi, niiache kwa muda.

Niliiacha siku tisa.

Naona uchungu kuliandika hili, ila naliandika kwa sababu najua siko peke yangu. Nilimwamini kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza tangu Oktoba kunishika mkono na kusema "najua unaogopa." Siku ya kumi nilienda kliniki kwa ajili ya mkono uliovimba, na muuguzi akaniuliza tu, kama anavyouliza kila mtu, "Dawa unameza vizuri?" Nikaanza kulia. Hakunigombeza. Alimwita daktari, daktari akanielezea tena, taratibu, kwamba uvimbe wangu ulikuwa ukilishwa na homoni na kidonge kile ndicho kinachoizuia homoni hiyo isiulishe. Kisha akasema: muziki sikukatazi hata kidogo, ila yeyote anayekwambia uache dawa ili muziki wake ufanye kazi, mkimbie. Pesa zangu sikurudishiwa.

Daktari huyo ndiye aliyenielekeza kwa mshauri nasaha mmoja wa kike, upande wa kisiwani, anayekaa na wagonjwa wa saratani na waliomaliza matibabu. Kikao chake kilikuwa shilingi 2,000. Nilipiga hesabu: hiyo ni mashati mawili ya shule na vitumbua vya wiki. Nilienda hivyo hivyo, Februari 2023.

Kitu kilichonifanya nimwamini ni kwamba alianza kwa kuniambia asichokiweza. Alinieleza kuwa ipo njia kamili ya kutibu kwa muziki na taswira, ilianzishwa Marekani miaka ya 1970 na Helen Bonny, mpiga fidla aliyekuja kuwa mtaalamu wa tiba ya muziki. Katika njia hiyo mtu hulala, hulegezwa mwili, kisha husikilizishwa muziki wa ala wa watunzi wa Kizungu wa zamani, akina Bach na Brahms, uliopangwa kwa mfuatano maalumu, nusu saa hadi dakika 45, naye husema kwa sauti kila anachokiona huku mwongozaji akimuuliza na kuandika. Kuiongoza kunahitaji mafunzo ya miaka. "Mimi sina mafunzo hayo," akasema. "Nilichonacho ni ushauri nasaha, na namna nyepesi ya jambo hili: muziki mfupi, dakika kumi au kumi na mbili, na hatuendi mbali."

Baadaye binti yangu alinisaidia kusoma kuhusu hiyo njia kamili. Debra Burns alichapisha utafiti mwaka 2001 kwa watu wanane waliowahi kuugua saratani, nusu wakipewa vikao kumi, nusu wakisubiri. Mwaka 2005 Lars Ole Bonde wa Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, akaandika kuhusu manusura sita, nao pia vikao kumi kila mmoja. Waliopitia vikao walionekana kuwa na nafuu ya moyo na ya maisha ya kila siku. Ukiwajumlisha, wote hao hawajai hata matatu mbili. Kwa hivyo sitakwambia imethibitishwa, na kati ya hao watafiti hakuna aliyedai kwamba muziki unagusa uvimbe. Wao walikuwa wakitazama hofu, huzuni, uchovu wa moyo. Na mimi nilichokuwa nikikitafuta ni hicho hicho, nipate kulala.

Kikao chenyewe kilikwenda hivi. Tunazungumza kwanza, kama nusu saa: wiki ilikuwaje, leo kuna nini moyoni. Halafu nalala kwenye mkeka wenye godoro jembamba, mto chini ya mkono wa kushoto. Ananilegeza kuanzia nyayo kupanda juu, na kifua anakipita haraka, kwa sababu siku ya kwanza nilimwambia kifua sitaki kitajwe. Kisha muziki.

Muziki wa kuchagua ulitusumbua. Ule wa kinanda cha Kizungu aliojaribu kwanza ulinipeleka kwenye foleni za hoteli na benki. Nikamwambia mimi ni mtu wa taarab. Akakubali, tukajaribu, na dakika ya pili nikawa nimeshamkumbuka jirani fulani na mafumbo aliyoniimbia miaka kumi iliyopita. Ndivyo taarab ilivyo, maneno yake yana mwenyewe kila mara, na ukiyasikia unatafuta yanampiga nani. Mwisho tukatua kwenye udi, ile ala ya nyuzi, peke yake, bila mwimbaji, upigaji wa polepole unaozunguka na kurudi. Udi nimeusikia tangu utotoni, lakini bila maneno haunidai kitu.

Hakuniambia nione nini. Aliuliza tu, "Kuna nini hapo ulipo?" Mara ya kwanza sikuona kitu, nikaona aibu. Akasema giza pia ni kitu, tukae nalo. Mara ya pili nilisikia harufu kabla sijaona: makuti yaliyonyeshewa. Nikajua ni Msambweni, nyumbani kwa nana, mama yake mama, aliyefariki nikiwa darasa la saba. Mwembe. Kisima kifupi chenye ukingo wa mawe. Mtungi wa maji kwenye kivuli, na juu yake kata, ile ya kifuu yenye mpini wa mti. Kata ilikuwa na ufa. Ilikuwa nao kweli, nana alikataa kuitupa, na ukinywa ilikudondokea miguuni.

Muziki ukiisha alinirudisha polepole, nyayo, vidole, sauti za barabarani. Kisha akanipa karatasi, sahani ya kuzungushia duara, na rangi za nta za watoto. Chora chochote ndani ya duara. Tangu shule ya msingi sijachora kitu. Nilichora kata. Hakunifasiria. Wiki nzima nilimsubiri aniambie ufa ule ni titi, ni ugonjwa, ni nini, na hakusema, na leo namshukuru, kwa sababu angesema ungekuwa ufa wake.

Kikao cha nne, mwezi wa Machi, ndicho ninachotaka kukieleza kwa ukamilifu. Udi ulikuwa umeanza kupanda. Nana alitokea ng'ambo ya kisima, amejifunga leso ya kisutu iliyopauka, akachota maji mtungini.

"Anafanya nini?" mshauri akauliza.

"Amechota. Anakuja."

"Mwili unasemaje?"

"Kifua kinabana."

"Ungependa asimame hapo, au aje?"

Nilikaa kimya kitambo. Katika miezi yote ile ya hospitali, na walinitibu vizuri, sikumbuki kuulizwa hivyo na yeyote aliyenikaribia kifua. Nikasema, "Aje."

Nana hakusema neno. Alinimiminia maji kifuani, upande usio na titi, kama alivyokuwa akitumiminia magotini tulipoanguka tukachubuka. Maji ya kisima yana baridi yake, ya ndani ya ardhi, si ya friji. Niliisikia ile baridi. Mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe ukaushika mshono juu ya nguo.

Kwa miezi kumi na minne nilikuwa nikioga bila kuugusa. Nilitumia kitambaa, uso nimeugeuzia ukutani. Mimi ninayeshika mishono kutwa, ninayeweza kukwambia kwa kidole, bila kutazama, kama fundi alikuwa na haraka au la. Usiku ule nilipooga niliupitisha kidole kuanzia karibu na mfupa wa kifua hadi kwapani. Ulikuwa mnyoofu. Mahali pamoja umeinuka kidogo, mahali pengine hauna hisia kabisa. Aliyeushona hakuwa na haraka. Nilikaa chini bafuni nikalia, na kilio hicho hakikuwa kama cha jikoni.

Si vikao vyote vilikuwa hivyo. Kikao cha sita mashine ilirudi, ile ya kuzunguka, ikawa juu ya kisima. Nikaanza kuhema. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kuwa na mtu. Hakuuzima muziki kwa ghafla; aliupunguza kidogo kidogo kama mtu anayepunguza utambi, akaniambia nikanyage sakafu kwa visigino, nifumbue macho, nitaje vitu vitano ninavyoviona chumbani. Feni. Kalenda. Ndala. Chupa ya maji. Yeye. Tukaishia hapo siku hiyo. Mbinu hiyo ya vitu vitano naitumia hadi leo, kwenye matatu, kliniki, popote. Na aliniambia jambo ambalo kila mtu anapaswa kulijua: mtu mwenye maradhi ya akili yanayomfanya asikie au aone visivyokuwepo asifanyiwe taswira za namna hii bila daktari wake wa akili kujua, kwani zinaweza kumzidishia.

Nyumbani kulikuwa na maneno. Khalti yangu, mdogo wake mama, alikuja kutoka Msambweni, akasikia nalala chini, napigiwa ala, naona marehemu. Akaniketisha. "Mwanangu, hii si ni kupungwa pepo? Sema kweli." Sikumcheka. Kwetu huku pwani ngoma za kupunga zipo, na mwenye umri wake ameziona kwa macho. Nilimwambia: khalti, hakuna pepo anayeitwa, hakuna kinachoombwa, hakuna chetezo. Ninakumbuka tu, na kuna mtu pembeni anayehakikisha sipotei. Nana haji kunipa ujumbe. Ni mimi ninayemkumbuka. Aliguna, hakuridhika, lakini aliacha kunisemea kwa watu.

Mama kwake ilikuwa mas'ala ya ala zenyewe. Hapendi vinanda nyumbani. Kwake ni Qur'ani na kasida za dufu. Sikutaka kumvunjia heshima. Nilijaribu kumfanya akubali kwa kumwambia basi nitaweka Qur'ani badala ya udi, naye akanikosoa, na alikuwa na haki: Qur'ani husikilizwa kwa kuizingatia yenyewe, haiwekwi nyuma ya picha zako. Kwa hivyo nyumbani nilirekodi sauti ya mvua juu ya makuti, dakika kumi, na ikanitosha. Ambaye dini yake au moyo wake haukubali ala asidhani mlango umefungwa.

Pesa ziliniishia kwenye kikao cha sita. Nilimwambia mshauri ukweli. Akatazama madirisha ya ofisi yake, akaniuliza mapazia ni kiasi gani. Vikao vinne vilivyobaki nilimlipa kwa mapazia, ya kitambaa kizito cha kijani, kwa sababu jua la alasiri lilikuwa likiingia machoni mwa wanaolala pale mkekani. Nasema hivi ili ujue kuwa inafaa kuuliza. Wengi tunaacha kwa kuona haya kutaja pesa.

Nini kilibadilika? Usingizi ulitoka muda wa saa tatu ukafika tano, pengine sita. Kile kitetemeko cha usiku kiliacha kuja kila siku, sasa kinakuja zaidi wiki ya vipimo, na kikija najua nikanyage wapi. Mkono bado unavimba nikishona sana. Huo unataka mazoezi na kufungwa bendeji, muziki hauuwezi. Majoto ya tamoksifeni yapo vile vile, naamka shuka imelowa. Mume wangu nilimpeleka kikao kimoja cha mazungumzo tu, bila muziki, akasikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba hofu baada ya kupona ni kitu cha kawaida. Hajaniuliza tena walia nini. Hukaa karibu tu, jambo ambalo ningelitaka tangu mwanzo.

Ukitaka kuanza mwenyewe, anza mchana, umeshiba, mtu yupo nyumbani. Dakika tano zinatosha. Tafuta mahali ambapo mwili wako uliwahi kupumzika kweli, hata kama ni uani kwa watu au kiti cha nyuma cha baiskeli ya babako, na usipaone patakatifu, ukipakataa pabadilishe. Usijilazimishe kuona, wengine husikia, wengine hunusa. Mwambie daktari wako unafanya nini. Na yule atakayekuongoza, muulize kwanza amesomea nini na kipi hakiwezi. Jibu la swali la pili ndilo lenye faida.

Mwezi uliopita khalti alirudi kwetu kwa ajili ya magoti yake. Alasiri moja alinikuta nimelala sebuleni na ile mvua ya makuti. Alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akatandika mkeka kando yangu, akajilaza kwa shida, akasema, "Niwekee na mimi."

Nikachomoa hedifoni, nikaongeza sauti. Sikumwelekeza kitu. Mvua ilipokwisha alikuwa bado amefumba macho, machozi yanamshukia masikioni. Akasema amemwona mamake uani, anafagia.

Nikamuuliza amevaa nini.

"Kisutu," akasema. "Kile kilichopauka."